KOMPYUTA KUUKUU YAWEZA KUWA MLINZI WA NYUMBA

Kompyuta ikizeeka wengi wetu huisukumia stoo, tukaweka magunia juu yake. Ikikaa huko miaka miwili mitatu, panya wanatafuna nyaya, watoto wanabandua vitufe vya kibodi kuchezea, na mwisho inatupwa. Hata sisi tulifanya hivyo. Katika toleo hili tunataka tueleze jinsi kompyuta ya namna hiyo inavyoweza kutolewa stoo ikapewa kazi mbili kubwa za nyumbani. Kazi ya kwanza ni kuwa seva. Kazi ya pili ni kuwa faiawoli.

Maneno haya ni mageni, lakini kazi zenyewe tunazijua. Seva ni ghala. Ni kompyuta inayokaa macho mchana na usiku ikitunza vitu vya nyumba nzima, na kila mwenye simu au kompyuta humo ndani huenda kuchota. Faiawoli ni mlinzi wa getini. Kila kinachotoka nyumbani kwenda kwenye intaneti, na kila kinachoingia, lazima kipite mbele yake. Yeye huruhusu, huzuia, na huandika daftarini.

Hiyo kazi ya kuandika daftarini ndiyo iliyotufanya sisi tuanze. Tueleze kidogo mambo yalivyokuwa.

UGOMVI WA BANDO

Nyumba yetu ina kaya tatu, na watu kumi na wawili. Tulinunua ruta, yaani kile kiboksi kinachowekwa laini ya simu kikatoa waifai, tukawa tunachanga fedha kila mwezi kununua bando la GB 60. Mwezi wa kwanza bando liliisha kabla ya nusu ya mwezi. Mwezi wa pili vile vile. Basi maneno yakaanza. Babu alikuwa wa kwanza kusema: "Hawa vijana wanatazama mipira usiku kucha, ndio wanaotumaliza." Wote tukakubali. Nani angembishia Babu? Tukabadili neno la siri la waifai na vijana hawakupewa.

Sasa kati ya vijana hao alikuwamo binti mmoja wa kidato cha nne. Yeye alikuwa akitumia intaneti kutafuta mitihani ya miaka iliyopita, afanye mazoezi. Alikaa wiki tatu bila kuipata, na mtihani wa taifa ulikuwa umekaribia. Hakusema kitu. Alikuwa akienda jioni kwa rafiki yake kuazima simu, anarudi giza limeingia. Na bando? Likaisha tarehe 13 kama kawaida.

Hapo ndipo tulipoona kwamba tulikuwa tumehukumu watu bila ushahidi. Ile ruta yetu ilikuwa inatuambia tu kwamba GB zimekwisha. Haikutuambia nani amekula ngapi. Fundi mmoja wa mjini wilayani alitushauri hivi: "Mnayo kompyuta kuukuu stoo. Iwekeni mlangoni, iwahesabie." Tukamwuliza itagharimu kiasi gani. Akasema programu zake ni za bure, mtatoa fedha ya kifaa kidogo cha waya na ya umeme tu. Hiyo "ya umeme tu" baadaye tuliona kumbe si tu.

KOMPYUTA GANI INAFAA

Mlinzi wa geti hahitaji nguvu nyingi. Kuhesabu na kuruhusu mawasiliano ya nyumba moja ni kazi nyepesi. Kompyuta iliyotengenezwa miaka ya 2008 au 2010, yenye kumbukumbu ya GB 2, inaimudu vizuri. Yetu ilikuja na programu ya Windows 7, ambayo Microsoft wenyewe waliacha kuitengenezea kinga tarehe 14 Januari 2020. Mashine yenye programu iliyoachwa namna hiyo haifai kuwekwa kwenye intaneti, achilia mbali kuwa mlinzi. Lakini chuma chenyewe ni kizima. Kilichokufa ni programu yake, nayo hubadilishwa.

Jambo moja la kuangalia ni aina ya kichwa cha kompyuta, kama ni cha biti 32 au biti 64. Mashine za zamani sana ni za biti 32, na programu nyingi mpya zimeziacha. Kwa mfano, Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena njia ya kuwekwa upya kwenye mashine za biti 32. Kama yako ni ya namna hiyo, afadhali usijisumbue.

Sasa tuje kwenye umeme. Hebu chukua kalamu tupige hesabu pamoja. Kompyuta ya mezani ya zamani, hata ikiwa haina kazi kubwa, hula wati 60 hivi. Seva haizimwi. Kwa hiyo wati 60 mara saa 24 ni wati-saa 1,440 kwa siku, ambayo ni yuniti 1.44. Mara siku 30 ni yuniti 43 na ushee. Yuniti 43 kila mwezi! Tazama risiti yako ya LUKU uone nyumba yako inatumia ngapi kwa mwezi mzima. Tena wale wenye bei ya chini ya matumizi madogo wajihadhari, maana mashine hii peke yake yaweza kuwapandisha hadi kwenye bei ya juu. Kompyuta ya bure inaweza kuwa ghali kuliko ya kununua.

Sisi tuliiwasha ile ya mezani mwezi mmoja, LUKU ikatufundisha. Ndipo tukakumbuka laptopu ya shemeji iliyopasuka kioo. Laptopu kama hiyo hula wati 20 hivi ikiwa kioo kimezimwa. Wati 20 mara 24 mara 30 ni yuniti 14.4 tu, yaani theluthi moja ya ile ya kwanza. Kioo kupasuka hakina neno, maana seva haitazamwi. Kwa siku ya kuiwekea programu unaazima kioo cha mtu, unachomeka, kazi ikiisha unarudisha. Faida nyingine ya laptopu ni betri. Umeme ukikatika, yetu hukaa kama nusu saa, kisha inajizima yenyewe kwa utaratibu bila kuharibu maandishi. Lakini chunguza betri hiyo. Ikiwa imevimba, itoe usiitumie kabisa, maana inaweza kushika moto.

Wenye umeme wa jua nao wafanye hesabu yao. Wati 20 kwa saa 24 ni wati-saa 480. Betri ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200, lakini betri ya maji haitakiwi kushushwa zaidi ya nusu, yaani 600. Basi mlinzi wako atakula karibu betri nzima, na taa zikose. Kwa nyumba ya sola ni heri kumwasha mlinzi mchana jua linapowaka, usiku azimwe pamoja na ruta.

KUITAYARISHA

Kwanza ni usafi. Fungua mgongo wa mashine, toa vumbi kwa brashi laini ya rangi, hakikisha feni inazunguka. Joto ndilo linaloua kompyuta zinazokesha.

Pili, tazama diski. Diski iliyozunguka miaka kumi na zaidi ni kama tairi lililolika. Iko programu ndogo ya bure, smartctl, inayosoma habari za afya ya diski. Ikionyesha kwamba sehemu mbovu zimeanza kuongezeka, badilisha. Sisi tulinunua diski ndogo ya GB 120 isiyo na kitu kinachozunguka. Haina kelele na umeme wake ni kidogo. Tena kama kompyuta ulinunua kwa mtu, ifute yote kabla ya kuanza. Barua na picha za mtu si zako.

Tatu, kuna kibetri kidogo cha duara kama sarafu, namba yake ni CR2032. Kwenye mashine nyingi ndicho kinachotunza saa na tarehe ikiwa imezimwa. Kikifa, kila umeme ukirudi mashine inajiona iko mwaka 2009 au 2010. Unaweza kusema, saa ina nini? Ina mengi. Kurasa za intaneti siku hizi zinatumia vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na saa ikikosea, mashine huvikataa vyeti hivyo, ikasema ukurasa si salama. Tulihangaika nusu siku nzima kutafuta ubovu, kumbe ni kibetri.

Baada ya hapo tuliweka Linux. Hii ni programu kuu ya kuendesha kompyuta, aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki, nchini Finland. Watu wa nchi nyingi wanaiendeleza, na haiuzwi. Ziko Linux za namna nyingi. Sisi tulichukua Debian, ambayo ilianza mwaka 1993. Faili lake la kuanzia ni chini ya GB 1, linawekwa kwenye flashi, halafu kompyuta inawashwa kwa flashi hiyo. Inapokuuliza kama unataka mapambo ya madirisha na picha, sema hapana. Mlinzi hahitaji suti.

Wako watakaoogopa, maana Debian bila madirisha ni kuandika maneno tu kwenye kioo cheusi. Kwao iko njia nyingine inayoitwa OPNsense, ambayo unaiongoza kwa kurasa zenye vitufe vya kubofya. Ni nzuri sana kwa kazi ya ulinzi. Ila inataka mashine yenye nguvu zaidi, na haikutengenezwa kuwa ghala la picha na vitabu. Sisi tulitaka vyote viwili. Mafundi wakali husema mlinzi na ghala visiwe katika mashine moja, kwani akishindwa mlinzi ghala nalo limekwenda. Ni kweli wanalosema. Lakini mashine mbili ni umeme mara mbili, na sisi tulikubali hatari hiyo tukijua.

KUUNGANISHA NYAYA

Geti lina pande mbili, nje na ndani. Kwa hiyo mlinzi lazima awe na matundu mawili ya waya wa mtandao. Laptopu huwa na tundu moja. La pili tulilipata kwa kununua adapta ndogo inayochomekwa kwenye USB. Waya wa kwanza unatoka kwenye ruta yenye laini unaingia tundu la nje. Waya wa pili unatoka tundu la ndani unakwenda kwenye kifaa kingine cha waifai. Sisi tulitumia ruta nyingine ya zamani kwa kazi hiyo. Hiyo ndiyo waifai ya nyumba. Simu zote zinaunganishwa hapo.

Tulipomaliza tulifurahi. Tukakaa siku mbili tukitazama hesabu. Ajabu, daftari la mlinzi lilionyesha simu nne tu, na bado bando lilikuwa likishuka mbio. Tukadhani programu imekosea. Kumbe kosa ni letu. Tulisahau kuzima waifai ya ile ruta ya kwanza yenye laini! Simu zilikuwa bado zinaikumbuka, zikawa zinapita huko moja kwa moja, mlinzi hazioni. Ni kama kujenga geti la chuma mbele ya nyumba na kuacha uzio wa nyuma umeanguka. Basi ukifanya kazi hii, zima waifai ya ruta ya nje, na ubadili neno la siri la kuiongozea, lile lililokuja nalo kutoka dukani. Maneno hayo ya dukani yanajulikana na kila mtu.

JINSI MLINZI ANAVYOFANYA KAZI

Kila simu inapoingia kwenye waifai ya nyumba hupewa namba yake, kama 192.168.10.23. Namba zinazoanza na 192.168 ni za ndani ya nyumba tu, hazitumiki huko nje. Mlinzi ndiye anayezigawa, kwa programu ndogo inayoitwa dnsmasq. Programu hiyo pia hutafsiri majina ya kurasa kuwa namba, na hukumbuka majibu, asiulize nje jambo lile lile mara mia.

Ulinzi wenyewe unafanywa na sehemu ya Linux inayoitwa nftables. Sheria zetu ni chache. Aliye ndani akianzisha mazungumzo na nje, aruhusiwe. Jibu la mazungumzo hayo likija, liingie. Kitu cha nje kikija chenyewe bila kuitwa, kikataliwe. Ni hayo tu, na hayo yanatosha kwa nyumba nyingi. Mlinzi hukumbuka nani ametuma barua wapi. Ikija barua ambayo hakuna aliyeisubiri, haiingii.

Mazungumzo ya kompyuta hupitia milango yenye namba, kuanzia 1 mpaka 65,535. Kurasa za usalama hutumia mlango 443. Mlango 445 hutumiwa na Windows kushirikiana mafaili. Huo wa 445 una historia mbaya. Ijumaa tarehe 12 Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilianza kuenea kupitia mlango huo. Kiliingia kwenye kompyuta, kikafunga mafaili yote kwa kufuli la siri, kikadai fedha. Kwa siku chache kilikuwa kimefika nchi zaidi ya 150. Huko Uingereza hospitali nyingi za serikali zilipigwa, wagonjwa wakarudishwa nyumbani na ambulensi zikapelekwa kwingine. Dawa ya tundu hilo ilikuwa imetolewa na Microsoft tangu tarehe 14 Machi mwaka huo huo, lakini wengi hawakuiweka. Mashine iliyokuwa nyuma ya mlinzi aliyefunga mlango 445 haikufikiwa kutoka nje. Lakini kirusi kikishaingia ndani kwa mashine moja, kiliruka kwa jirani zake wa humo humo. Mlinzi wa geti hawezi kuzuia ugomvi wa chumbani.

Tuseme kweli: sisi wa laini za simu, mara nyingi kampuni huwaweka wateja wengi nyuma ya namba moja ya nje, kwa hiyo si rahisi mtu wa mbali kutufikia moja kwa moja. Na virusi vingi huku kwetu huingia kwa flashi inayopita mkono kwa mkono. Faiawoli haioni flashi. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ukiwa na mlinzi huyu umekingwa na kila kitu. Kwetu faida kubwa ilikuwa ile hesabu.

HESABU ILIVYOSEMA

Tuliacha mlinzi ahesabu siku saba kamili. Vijana tuliwarudishia neno la siri, ili hesabu iwe ya haki. Jumla ilikuwa GB 31. Tuliandika ubaoni uani, watu wote wakiwapo.

Namba 23 ilikula GB 14. Runinga ya kaya ya pili GB 8. Kompyuta ya mwalimu wa nyumba yetu GB 5, karibu zote kwa kujiletea marekebisho yake yenyewe usiku. Zilizobaki zote pamoja, simu tisa, GB 4. Simu ya yule binti haikufika hata GB 1.

Watu wakauliza namba 23 ni ya nani. Tukazima simu moja moja mpaka namba ikatoweka. Ilikuwa simu ya Babu.

Babu hatazami mipira usiku. Ila yumo katika vikundi vingi, vya ukoo, vya kanisa, vya wastaafu, na kila kikundi kinatuma video. Simu yake ilikuwa inazipakua zote yenyewe, awe amezitazama au hakuzitazama. Kisha programu nyingine ya kutunza picha inachukua video zile zile inazipandisha tena kwenye hifadhi ya mbali. Kila video inaliwa mara mbili, ya kuingia na ya kutoka. Babu hakuyajua hayo, na angeyajuaje? Alinyamaza muda. Kisha akamwita binti mbele yetu akamwambia, "Mjukuu wangu, niliyekula bando lako ni mimi." Binti akasema, "Hamna neno, Babu." Lakini lilikuwapo neno, na wote tulilijua, maana wiki tatu za kabla ya mtihani hazirudi.

Dawa yake haikuwa faiawoli. Tulifungua mipangilio ya simu ya Babu tukazima kupakua video kwenyewe na kupandisha kwenyewe. Dakika tano. Runinga tuliipunguzia ubora wa picha. Kompyuta ya mwalimu tuliiambia isijiletee marekebisho ila siku ya Jumapili. Hatukumwambia iache kabisa, kwa sababu ya yale yaliyotokea Mei 2017.

GHALA LA NYUMBANI

Kwa kuwa mashine inakesha, tuliipa na kazi ya ghala. Kwa programu inayoitwa Samba, mtu yeyote wa nyumbani anaweza kuweka na kuchukua mafaili kwa waifai, bila kutumia bando hata kidogo. Hili watu hawalielewi upesi. Waifai si lazima iwe intaneti. Kitu kikiwa ndani ya nyumba, kukichukua ni bure hata bando likiwa limekwisha.

Ndiyo maana tuliweka Kiwix. Hii ni programu inayotunza kamusi elezo ya Wikipedia nzima ndani ya faili moja, na watu wanaisoma kama vile wako kwenye intaneti. Faili la Kiingereza lenye picha linazidi GB 100, halikuenea kwenye diski yetu. La Kiswahili ni dogo sana kulinganisha na hilo. Lilipakuliwa mjini likaletwa kwa flashi. Flashi hiyo, kwa sababu tuliyoisema, tulifungulia kwenye Linux kwanza. Pia ile mitihani ya zamani ambayo binti aliikusanya, ameiweka hapo, na sasa wadogo zake wanaisoma.

Mafundi wengine walitushauri tuweke Squid, programu inayotunza kurasa zilizokwisha kusomwa ili zisiletwe tena. Zamani ilisaidia sana. Siku hizi karibu kila ukurasa umefungwa kwa usiri, na Squid haiwezi kuona kilichomo ili ikitunze. Tulipoteza siku mbili, tukaifuta. Usipoteze zako.

Nakala ya pili ni lazima. Kila Jumamosi tunachomeka diski ya nje, tunanakili picha zote, vyeti, na daftari la kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kisha tunaichomoa na kuipeleka nyumba ya pili. Lazima ichomolewe. Kirusi cha kufunga mafaili kikiikuta imechomekwa, kitaifunga nayo, na radi au mwizi vivyo hivyo havichagui.

NANI ASHIKE DAFTARI?

Baada ya mambo ya Babu, watu wawili walitaka jambo jingine. Walisema, kama mlinzi anajua GB, basi aonyeshe vile vile kila kijana anafungua kurasa gani. Hilo linawezekana. Yaliyomo ndani ya kurasa nyingi hayaonekani, maana yamefungwa, lakini majina ya kurasa yanaonekana kwa anayeshika mashine. Dnsmasq inaweza kuyaandika yote, kwa saa na dakika.

Tulibishana jioni nzima. Mama mmoja wa nyumba yetu ndiye aliyelimaliza. Alisema, kuhesabu madebe ya kila mtu ni sawa, kwa kuwa ghala ni la wote, lakini kufungua barua ya mtu ni kitu kingine. Akauliza: "Na majina ya Babu je, mtayasoma? Na yangu, nikitafuta habari za ugonjwa wangu?" Hakuna aliyejibu. Tukakubaliana mlinzi aandike kiasi tu, asiandike majina, na hesabu ibandikwe ukutani kila Jumapili kila mtu aione. Neno la siri la kuingia kwenye mashine wanalo watu wawili wa kaya tofauti. Mmoja wao ni yule binti.

Mwezi uliopita bando lilifika tarehe 29. Kazi iliyobaki sasa ni ya masika. Radi inapoanza kunguruma tunachomoa waya wa umeme, na waya wa mtandao pia. Watu huchomoa wa umeme tu, wakasahau kwamba radi inaweza kupita hata kwenye ule mwembamba.